Mapigo ya Moyo wa Mreno

Mzee Mwinjuma hakuwa daktari, wala hakupenda kuitwa daktari. Kwenye orodha ya watumishi aliandikwa mhudumu, neno ambalo serikalini lilimaanisha mtu wa kufagia, kuchota maji na kumshika mnyama asiume watu. Lakini katika kituo chetu cha mifugo pale Temeke, mwaka ule wa sabini na nne, hapakuwa na mbwa aliyeletwa na maradhi ya moyo akaondoka bila vidole vya Mwinjuma kupita pajani mwake. Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karani. Kila namba aliyoitamka niliiandika kwenye kadi kwa mkono wangu, na namba moja niliiandika huku nikijua kabisa kwamba haifai kuandikwa.

Alizaliwa Chamazi, Mzaramo wa baba na mama. Chuoni alisoma Kurani akahitimu, ila mlango wa shule hakuuona. Ujanani, kabla ya uhuru, alipata kazi ya kukata majani kwa mzungu mmoja aliyekuwa akitibu wanyama. Mzungu yule akishaweka mipira masikioni asikilize kifua cha mbwa, hakuweza tena kuhesabu mapigo ya paja kwa wakati uleule. Siku moja alimwita mkata majani, akamshika vidole viwili akavibandika ndani ya paja la mbwa, palipo na joto, akamwambia ahesabu. Mwinjuma akahesabu. Tangu siku ile fyekeo likapata mtu mwingine.

Hesabu yake aliifanya kwa namna yake. Mkono wa kulia ulikaa pajani, na ule wa kushoto ukahesabu kama mtu aliye katika uradi: kila mapigo kumi, kidole gumba kinasogea pingili moja. Pingili kumi na mbili za vidole vinne zikiisha, ni mia na ishirini, anaanza upya. Mzungu alipofunga virago akaenda zake, serikali ikamchukua Mwinjuma pamoja na meza, makabati na mizani.

Mwaka wa sabini na tatu tukaletewa Dokta Adelard, Mhaya kijana, mrefu, aliyesomea udaktari wa mifugo Kabete, Kenya, na hakutupa nafasi ya kulisahau hilo. Nilidhani atamdharau mzee. Badala yake, siku ya tatu tu alimjaribu kwa mbwa watatu mfululizo, akarudi mezani kwangu akasema, "Bene, mzee huyu ana mkono." Nami nikajisikia fahari, kana kwamba mkono ni wangu.

Dokta alipenda kufundisha, na kwa kuwa ng'ombe walikuwa mbali, alitufundisha sisi. Alisema moyo wa mbwa mzima nao huyumba kidogo: akivuta pumzi unakazana, akiitoa unatulia. Huo ndio mwendo wake, na anayeuogopa ni yule aliyezoea kusikiliza ng'ombe. Ugonjwa ni pale moyo unapokimbia ovyo bila mpango wowote, mapigo mengine yana nguvu na mengine hayana. Yasiyo na nguvu hayafiki pajani. Kwa hiyo kifuani utasikia mia mbili, na pajani utapata mia na ishirini. Tofauti hiyo aliiita pengo. Pengo likiwa kubwa, dawa haijatosha. Pengo likipungua, dawa inafanya kazi, usiiguse.

Dawa yenyewe ilikuwa dijoksini, vidonge vidogo vyeupe, vilevile wanavyopewa binadamu wenye moyo mbovu. Ikipungua haisaidii kitu. Ikizidi kidogo tu, inaupiga moyo uleule iliokuja kuutibu. Ndiyo maana kila mgonjwa wa namna hiyo alikuja Jumatano na Jumamosi, Dokta akasikiliza kifua, Mwinjuma akashika paja, dakika ileile moja, nami nikaandika namba mbili kwenye mstari mmoja.

Sasa, Mwinjuma alikuwa mtu wa swala tano, na mbwa kwa Waislamu wa pwani yetu ana mambo yake. Akiwa mkavu na mkono mkavu, hakuna neno. Akiwa na majimaji, yawe mate au mvua, basi palipoguswa paoshwe mara saba, na mara moja katika hizo iwe kwa udongo. Nyuma ya kituo mzee alikuwa na debe lake la udongo safi na birika, na ole wako ulitumie debe lile kwa kazi nyingine. Nguo za kazi hazikuvuka kizingiti cha nyumba yake. Vijana wa mtaani kwao walimwita Mwinjuma Mbwa, naye akiwajibu kwamba mbwa ana moyo, yeye mwenyewe ameuhesabu, ila wa kwao hana hakika nao. Kwa miaka yote ile alikaa kati ya dini yake na kazi yake bila kukosea upande wowote. Jasho la kufanya hivyo sidhani kama kuna mtu aliliona.

Mwezi wa tatu wa sabini na nne alikuja Anselmo. Huyu alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mchonga vinyago aliyekimbia vita akavuka mto na mkewe, mtoto mchanga na kijibwa ndani ya kikapu. Mke na mtoto walimfia kambini kwa kuhara, wiki moja. Kijibwa kikakua. Mama yake alikuwa mbwa wa mlinzi wa shamba la mkonge la Wareno, kwa hiyo kikatokea jibwa kubwa kuliko mbwa wote wa Mbagala, alikohamia Anselmo, naye akaliita Mreno. Watu wa pale walicheka sana kumsikia mkimbizi akifoka, "Mreno, kaa chini! Mreno, toka jikoni!" Mwenyewe alisema raha yake ilikuwa hiyohiyo.

Lakini siku aliyomleta kwetu hakuna aliyecheka. Mreno alikuwa akikohoa alfajiri, tumbo limejaa maji, na akibweka mara mbili anaanguka kwa upande. Kifuani mia mbili na kumi. Pajani mia na ishirini. Dokta aliandika nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, pamoja na dawa ya kumkojoza apungue maji. Anselmo hakujua kusoma, akanitaka nimwambie tena na tena mpaka nikachoka. Kisha akaviweka vidonge ndani ya kibiriti kitupu, akakitia mfuko wa shati.

"Dada karani," aliniambia, "huyu akifa, sina mtu mwingine wa kule kwetu."

Wiki tatu mambo yakaenda vizuri. Mia na themanini kwa mia na thelathini. Halafu Jumamosi moja, mia na sitini kwa mia na arobaini, pengo la ishirini tu. Tumbo likanywea. Mreno alimfukuza paka wa kituo mpaka juu ya paa la choo, na Anselmo akatuletea kinyago kidogo cha mpingo, mbwa amelala.

Kisha ikaja Jumatano ya mvua. Ilikuwa masika, na tangu alfajiri mbingu zilikuwa zimefunguka. Siku hiyohiyo Mwinjuma alikuwa na hitma ya marehemu mama yake huko Chamazi, yeye ndiye mkubwa wa wanawe na ndiye anayengojwa. Lori la kumpeleka lilikuwa linapita saa tisa. Saa nane na nusu alikuwa amekwisha kuoga, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, anachungulia barabara. Hapo ndipo Anselmo akaingia na Mreno, wote wawili wamelowa chepechepe. Mreno akasimama katikati ya chumba akajikung'uta, na maji yakaruka mpaka kwenye karatasi zangu.

Niliona uso wa mzee. Alirudi nyuma hatua mbili akaikusanya kanzu mkononi.

"Mzee Mwinjuma, tumalizane na huyu mmoja, halafu uende," Dokta alisema huku akivaa mipira yake masikioni. Naye alikuwa na haraka, maana kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Kimbiji kuchanja kuku na mbuzi wa kijiji kipya cha ujamaa.

Mwinjuma alichukua kipande cha kanga kuukuu kilichokuwa kikitumika kuwakaushia wanyama. Akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya paja la Mreno, na juu ya kile kitambaa ndipo akaweka vidole. Ungedhani anamkausha. Dokta alikuwa upande wa pili, kichwa chini, macho kwenye saa. Anselmo alikuwa ameshika kichwa cha mbwa wake. Kati yetu wanne, mimi peke yangu nilikuwa nimekaa mahali pa kuona, na niliona.

"Haya," Dokta alisema. Dakika ikapita. "Basi. Mia na hamsini. Mzee?"

Mwinjuma aliutazama mkono wake wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa kwenye pingili ya tisa.

"Tisini," alisema.

"Tisini?" Dokta aliinua kichwa. "Una hakika? Jumamosi ilikuwa mia na arobaini."

Nje lori likapiga honi.

"Tisini, Dokta."

Kalamu yangu ilikuwa tayari imegusa kadi. Nilimtazama mzee, naye akanitazama, mara moja, kisha akaangalia mlango. Ningeweza kusema, "Mzee, toa hicho kitambaa." Maneno machache tu. Lakini huwezi kumuumbua mtu mzima mbele ya bosi wake kwa sababu ya kitambaa, nilijiambia, na mie ni binti tu wa kuandika. Nikaandika tisini. Dokta alikuna kidevu, akasema pengo limerudi, ugonjwa unamzidi, mkono wa mzee haujawahi kumdanganya. Kwenye kadi akaifuta ile nusu kidonge, akaandika kizima, asubuhi na jioni.

Kesho yake Mwinjuma alifika kabla yangu. Chai yake ilikuwa imepoa, hajaigusa.

"Mwanangu, nisomee kadi ya Mreno."

"Unaijua, mzee."

"Nisomee."

Nikamsomea. Mia na arobaini Jumamosi, tisini jana. Akakaa kwenye benchi la wenye wagonjwa, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa.

"Mkono haukusikia vizuri," alisema. "Kitambaa kilikuwa kizito. Ilikuwa inakuja na kupotea, inakuja na kupotea, nami nikahesabu ile iliyokuja. Nilikuwa na nia ya kusema turudie. Lile lori likapiga honi."

Niliitazama tena kadi. Kama pengo halikurudi, basi Mreno alikuwa ameongezewa dawa maradufu bila sababu, na Dokta alikuwa ameshaondoka na Landrova tangu alfajiri. Kimbiji hapakuwa na simu. Angerudi Jumatatu.

Nikamwambia nini? Haya ndiyo maneno yangu, siyafichi: "Mzee, ngoja Jumamosi. Anselmo atamleta mbwa, utahesabu upya, tutajua. Ukianza kupiga kelele sasa hivi watauliza cheti chako kiko wapi." Nilidhani namlinda. Ukweli ni kwamba nilikuwa najilinda na mimi, maana wangeuliza pia nani alikuwa chumbani.

Alhamisi nzima tulifanya kazi kama watu wenye msiba usiotangazwa. Mbwa wakichanjwa kichaa, kuku wakikaguliwa, sisi tunatazama barabara ya Mbagala. Kila nilipofumba macho nilikiona kile kibiriti, na Anselmo akihesabu vidonge kwa uangalifu wake ule. Angekuwa mzembe, ningepumua. Watu wengine husahau dawa mara tatu kwa wiki. Anselmo asingesahau.

Ijumaa, baada ya swala, Mwinjuma alisimama mlangoni akiwa bado na kofia yake.

"Bene, twende Mbagala. Chukua kadi."

"Mzee, kesho si Jumamosi..."

"Nimesali rakaa mbili sijui nimesoma nini," alisema. "Twende."

Tulipanda basi mpaka lilipoishia, tukatembea njia iliyobaki kwenye matope. Mzee alikwenda mbele, mimi nyuma na viatu mkononi. Njiani aliuliza jambo moja tu, kama mbwa aliyezidishiwa dawa hii hutapika. Nilikuwa nimemsikia Dokta akisema kwamba dalili ya kwanza ni kukataa chakula. Nikamjibu sijui.

Anselmo alikuwa uani kwake, kati ya magogo ya mpingo, tezo mkononi, lakini hakuwa akichonga. Mreno alikuwa amelala chini ya meza, kichwa juu ya miguu. Mbele yake sufuria ya ugali na vichwa vya samaki, nzi wametua.

"Shikamoo mzee. Afadhali mmekuja," Anselmo alisema. "Tangu jana jioni hali kitu. Anatapika. Ugonjwa umemzidi kweli, kama Dokta alivyosema. Lakini dawa sikuacha. Akikataa, namfungua mdomo namtia mwenyewe mpaka kooni. Hata sasa hivi nilikuwa namngojea apumue kidogo nimpe ya jioni."

Akatoa kibiriti mfukoni.

Mwinjuma alipiga magoti kwenye matope vilevile alivyokuwa, na shati la Ijumaa. Mreno alikuwa na ute mdomoni na matapishi kifuani. Mzee hakutafuta kitambaa. Aliweka kiganja kizima juu ya mbavu, vidole vya mkono wa pili ndani ya paja, na sasa hakuwa na mkono wa kuhesabia pingili, kwa hiyo alihesabu kwa sauti, polepole. Mimi nilishika saa. Moyo ulikuwa ukipiga, ukikaa kimya kiasi cha mtu kudhani umekwisha, kisha unapiga mawili ya kufuatana, halafu kimya tena. Nilikuwa nikisubiri kila pigo, macho kwenye saa.

"Arobaini na sita," alisema dakika ilipoisha. Akageuka. "Anselmo, usimpe hiyo dawa."

"Dokta ameandika."

"Najua. Usimpe."

"Mzee, nakuheshimu." Sauti ya Anselmo ilianza kupanda. "Lakini wewe si Dokta. Mbwa huyu alikuwa anakufa, nikapewa dawa, akapona. Sasa anakufa tena, wewe unaniambia niache dawa? Dokta mwenyewe aje aniambie. Au aandike."

"Dokta yuko Kimbiji mpaka Jumatatu. Jumatatu atakuwa amekufa."

"Basi nitafuata alichoandika." Akafungua kibiriti, akainama.

Hapo ndipo Mwinjuma alipomshika mkono. Nilidhani watapigana, na tezo iko pale.

"Alichoandika kimetokana na mimi," mzee alisema. "Jumatano mbwa wako alikuwa amelowa. Mie nilikuwa nimevaa kanzu ya hitma, naogopa kuchafuka, lori linaningoja. Nikaweka kitambaa. Sikusikia vizuri. Dokta akaniuliza una hakika, nikasema ninayo. Sikuwa nayo. Namba ile ilikuwa ya uongo, Anselmo, na kwa ajili ya uongo ule ukaongezewa dawa. Huu si ugonjwa. Ni dawa inayomuua, na ni mie niliyempa."

Anselmo alimtazama. Kisha akaniangalia mimi, na kadi iliyokuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema nami niliona. Nikaangalia sufuria ya ugali.

"Kwa ajili ya kanzu," Anselmo alisema.

"Kwa ajili ya kanzu. Na dini haikunituma kusema uongo, usije ukadhani hivyo. Ingenitaka nioshe tu. Uongo ni wangu."

Anselmo alifunga kibiriti akakitupa juu ya paa la kibanda. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Tokeni kwangu."

Nilitoka. Mwinjuma hakutoka. Nilipogeuka pale kwenye uzio nilimwona bado amepiga magoti, mkono uko palepale mbavuni, na Anselmo amempa mgongo.

Jumamosi nilipofunga ofisi nilikwenda tena. Mzee alikuwa ameshakwenda kituoni alfajiri na kurudi, maana alikuwa na debe lake la udongo na birika kando ya uzio. Mreno alikuwa hai. Hamsini na nane, mzee alisema. Anselmo alikuwa akipita mbele yetu bila kututazama wala kutukaribisha, lakini nilipokuwa naondoka nilimwona ameweka kikombe cha chai chini, karibu na goti la mzee, akaondoka bila neno. Jumapili baada ya misa ikawa sabini, na ule ukimya wa kutisha kati ya mapigo umepungua. Jioni Mreno alilamba supu ya dagaa kidoleni mwa Anselmo. Anselmo alilia waziwazi, kamasi na machozi, naye Mwinjuma akajifanya anatazama magogo.

Jumatatu asubuhi, Dokta hajateremka vizuri kwenye Landrova, Mwinjuma alimweleza. Kitambaa, kanzu, lori, tisini. Nilisikiliza kutoka dirishani kwangu.

"Nani mwingine alijua?" Dokta aliuliza.

"Nilikuwa peke yangu na mkono wangu," mzee alijibu.

Sikuwahi kumsikia Dokta Adelard akipaza sauti, na siku ile pia hakupaza. Alisema tu kwamba yeye anaweza kumtibu mbwa bila mashine, lakini hawezi kumtibu kwa namba za kubuni. Kuanzia siku ile Mwinjuma akahamishiwa nyuma, kuosha mabanda na madebe ya dawa. Mimi nikaambiwa nijifunze kushika paja. Dokta alinifundisha siku mbili nzima juu ya mbwa wa jirani, na mara nyingi nilijikuta nahesabu mapigo ya vidole vyangu mwenyewe.

Jumatano Anselmo akaja. Mreno alitembea kwa miguu yake, lakini bila dawa moyo ulikuwa umeanza kukimbia ovyo tena, hata kwa macho uliona mbavu zikirukaruka, na kikohozi cha alfajiri kilikuwa kimerudi. Dawa ilikuwa lazima aanze tena, siku hiyohiyo. Kiasi gani, ndiyo ilikuwa kazi. Ikipungua, maji yatamjaa tena. Ikizidi, tumeshaona.

Nilipiga magoti, nikaweka vidole pajani. Dokta akavaa mipira. Anselmo, aliyekuwa ameshika kichwa cha mbwa wake, akauliza:

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee ana kazi nyingine siku hizi," Dokta alisema. "Ndugu Benedicta atahesabu."

"Namtaka mzee."

"Anselmo, mzee ndiye aliyekuponza. Alikwambia mwenyewe."

"Ndiyo," Anselmo alisema. "Aliniambia mwenyewe. Nina tezo mkononi, nina hasira, na Dokta hayupo, hakuna mtu angejua. Akaniambia. Huyu dada..." akanionyesha kwa kidevu, si kwa ubaya, "huyu dada mwema, lakini sijamsikia bado akisema amekosea."

Paja la Mreno lilikuwa likiruka chini ya vidole vyangu, na sikuweza kuhesabu hata pigo moja. Nikatoa mkono.

"Dokta," nilisema, "mie nilikiona kile kitambaa. Siku ileile. Niliona, nikaandika tisini. Na Alhamisi mzee alipotaka kusema, mie ndiye niliyemwambia angoje."

Nilisubiri nifukuzwe. Dokta alivua mipira masikioni, akaikunja, akaikunjua. Alinitazama mimi, akamtazama Anselmo, kisha akaangalia kadi ambayo ilikuwa imejaa mwandiko wangu mzuri.

"Kamwite," alisema.

Mwinjuma alikuja na mikono inayodondoka maji ya sabuni, miguu mitupu. Dokta akamweleza. Aliikausha mikono kwa shati lake, akapiga magoti pale nilipokuwa mimi, akatafuta mahali pale penye joto. Mkono wa kushoto ukakaa tayari juu ya goti.

"Haya," Dokta alisema.

Niliona kidole gumba kikisogea pingili kwa pingili, kikamaliza vidole vinne, kikaanza upya. Mreno alipumua kwa nguvu, akataka kukaa, Anselmo akamshika.

"Basi," Dokta alisema. "Mia na tisini na mbili. Mzee?"

Kalamu yangu ilikuwa juu ya kadi. Mwinjuma aliangalia vidole vyake vya kushoto, kisha akaangalia paja la mbwa.

"Alipotaka kukaa nimepotea, Dokta. Sijui ni ngapi. Tuhesabu tena."

Anselmo alifumba macho akashusha pumzi. Dokta akairudisha mipira masikioni, akaitazama saa yake, na tukaanza upya.